Nakiete Aliyeulaza Mgongo wa Malkia

Enzi zile ukoo wetu haujapata jina, milima ya Kwembwa ingali imefunikwa na misitu hadi vileleni, alizaliwa Nakiete binti Shemweta, Shemweta mwana wa Mbogho mchimba mifereji, Mbogho aliyetoka kusikojulikana na jembe moja begani. Ndiye Nakiete Unyayo-wa-Jabali, mama wa watu wasio na malkia.

Wakati huo nchi yote ilikuwa mikononi mwa Malkia Sangwe, mwanamke mrefu, mzuri wa sura, bingwa wa mieleka asiyepata kuangushwa, ambaye aliuziba mfereji mkuu ili maji yanyweshe mashamba yake peke yake, na kila mji uliotaka walau matone ukamtolea watoto wakamlimie. Sheria yake ilikuwa moja: mwenye kinyongo na aje uwanjani amwangushe, akishindwa, mji wake utachomwa moto. Singano, mjomba wake Nakiete, alikwenda, akarudi na mkono uliovunjika, akakuta majivu mahali pa nyumba.

Basi Nakiete alikua akiteka maji bondeni, akipanda genge lenye utelezi na mtungi kichwani, masika na kiangazi, hata nyayo zake zikaijua ardhi kama ulimi unavyoyajua meno. Naye Singano akamfundisha mieleka kwa ule mkono mmoja uliosalia.

Siku askari walipomchukua Mkufya, ndugu yake mdogo, Nakiete alitangaza kuwa anakwenda uwanjani. Singano akamshika nguo.

"Mwanangu, ukianguka wewe tumeanguka sote."

"Kwani sasa tumesimama, mjomba?"

Mzee akaiachia ile nguo. "Basi usimsukume. Mimi nilimsukuma, na nguvu zangu mwenyewe ndizo zilizonivunja."

Watu walijaa uwanjani. Nakiete alijifunga kibwebwe, akawaona akina mama wa mji wake wamebeba vifurushi, tayari kuukimbia moto. Kisha akatua nyayo zake, akasimama kama aliyejitwisha mtungi, asisogee.

Malkia alimzunguka, akamtukania ukoo wake, akangoja ashambuliwe kama alivyoshambuliwa na wote. Nakiete akazidi kukaza nyayo ardhini. Jua likapanda, watu wakaanza kunong'ona, na Sangwe, ambaye hakuzoea kungojeshwa, akamrukia kwa ghadhabu. Nakiete akainama chini yake, akamdaka kiunoni, akageuka naye mara moja. Na mgongo wa malkia ukapiga ardhi kwa kishindo kilichosikika hadi ng'ambo ya bonde.

Askari wakainua mikuki. Sangwe, angali chini, akaunyoosha mkono wake.

"Ishusheni. Sheria ni yangu, na imenipata."

Umati ukaja juu ukitaka damu yake. Nakiete akasimama mbele yake, akasema, "Atakayemgusa aanze na mimi. Tukiyafungua maji kwa damu, tutainywa damu hiyo na wajukuu zetu." Akamgeukia aliyeanguka, akampa mkono. "Inuka, mama. Nenda ukalime."

Siku hiyohiyo watoto walirudi makwao, Mkufya akiwa miongoni mwao, na Nakiete akakibomoa kizuizi cha mfereji kwa jembe. Walipomletea kiti cha enzi alikikataa, akaagiza kipasuliwe kuni. Sangwe aliishi kati ya watu kama mkulima mwingine, wengi wakimpita bila salamu. Alipofariki hakupatikana wa kumchimbia kaburi, akalichimba Nakiete mwenyewe, na mvi zimekwisha kumjaa kichwani.

Baada ya maziko hayo alipanda mlimani kwenye chimbuko la maji, asionekane tena. Walimtafuta, wakaona nyayo zake zimeishia kwenye mwamba.

Tangu hapo tukaitwa Wanakiete. Wawili wakigombania zamu ya maji hushindana mieleka mbele ya watu, na mshindi hapati maji mpaka amempa mkono mwenzake akamwinua. Asiyeweza kufanya hivyo, kwetu huhesabiwa kuwa ndiye aliyeanguka.