Chungu cha Bi Nakijwa na Wapiga Chapa Watatu

Hapo zamani, si ile ya majini, ni hii ya juzi kompyuta zilipokwisha kufika Usangi, Bi Nakijwa aliingia kwa wapiga chapa akihema. Alikuwa kiongozi wa wanawake wafinyanzi. Karani wa kata ameikataa katiba yao, kurasa hamsini: jina la kikundi limeshachukuliwa na wengine. Sharti walibadili jina, wairudishe katiba kabla ya saa sita, la sivyo kibanda chao cha sokoni wanapewa wauza mitumba.

"Wanangu," alisema, "atakayeniokoa nampa chungu nilichokifinyanga mwenyewe. Kimoja. Sina kingine."

Namkunda ndiye aliyeipiga chapa katiba nzima, siku mbili, vidole kumi, shingo ikamkakamaa. Akavaa miwani, akaanza kulifuta jina herufi moja moja. Saa tano ikamkuta ukurasa wa nne.

Eliamini, mvivu ambaye hata nzi hamfukuzi mpaka atue puani, akamsogeza. "Dada, unalima shamba kwa kijiko." Akabonyeza vitufe vya Kontroli na H pamoja, akaandika jina la zamani, akaandika jipya, akabonyeza tena. Jina likageuka mahali mia mbili kabla Bi Nakijwa hajameza mate.

Angeishia hapo. Lakini mvivu akisifiwa hujitafutia kazi. Akabonyeza Kontroli na A kuyashika maandishi yote, ayakuze yapendeze. Kiwiko kikagonga kitufe kirefu cha kuachia nafasi. Kioo kikawa cheupe, hata nukta haikubaki.

Bi Nakijwa akakaa sakafuni papo hapo, bila kujali kanga yake.

Zamda, ambaye kazi yake ni kutoa kopi na kuchekwa, akasema, "Toa mkono, Eli, usiguse tena." Akabonyeza Kontroli na Z, ya kutengua kosa la mwisho. Maneno yakarudi yote, na jina jipya likiwa ndani.

Wakachapa, Bi Nakijwa akavuka barabara mbio hadi kwa karani, muhuri ukagongwa saa sita kasoro dakika tatu. Akarudi na chungu.

"Bila mimi mngebadili nini, hewa?" alisema Namkunda.

"Bila mimi ungekuwa ukurasa wa saba," alisema Eliamini.

"Na bila mimi," alisema Zamda, "wewe Eli ungekuwa umeshahama mji."

Bi Nakijwa akawatazama. Akimpa mmoja, wawili watamnunia, na mwakani atawahitaji tena wote.

Haya, ninyi mnaocheka, chungu hakikatwi kama mkate. Je, nani alistahili?