Nyani Aliyefundisha Kuogelea

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nani?
Pakawa na mjuzi!

Haya, sogeeni. Anayewasimulia hajui mengi, lakini hili amelisikia.

Hapo zamani za kale, Nyani alikaa kando ya mto na mkewe. Kila siku aliwatazama bata wakiogelea. Akatazama, akatazama, mwisho akajiona bata. Akafungua darasa la kuogelea, nchi kavu, juu ya majani makavu.

Wanafunzi wake walikuwa Sungura, Nungunungu na Kobe. Walilala kifudifudi, wakarusha miguu, vumbi likatimka.

Sungura akauliza, "Mwalimu, maji yakiniingia puani?"

"Yapulize nje."

Nungunungu akauliza, "Na miiba yangu?"

"Ilaze."

Kobe akauliza, "Na gamba hili?"

Nyani akajikuna. "Hilo ni somo la kesho."

Mkewe akamwita kando. "Mume wangu, wewe uliingia majini lini?"

"Mwalimu haulizwi hayo, mke wangu."

Masika yakaja. Mto ukafurika, ukamwagika bondeni. Nyani akarukia mtini na mkewe. Wanafunzi wakabaki chini, maji magotini, wakimtazama yeye.

"Mwalimu, tuingie? Tuanze na mguu gani?"

Nyani akawaza. Akinyamaza, heshima yake itabaki, lakini wanafunzi watakwenda na maji. Akashuka.

"Wenzangu, sijui kuogelea. Hata kuoga naogopa. Mimi ni bata wa majani makavu."

Kobe akasema taratibu, "Nyuma yetu kuna kilima."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe unayejua."

Kumbe wote walikijua kile kilima, na wote walikuwa wakingoja. Nyani akambeba Kobe mgongoni, wakakimbia, wakapanda, wakapona.

Kule juu, wakiwa wameloa chapachapa, Sungura akaanza kucheka. Nungunungu akacheka. Nyani akacheka kuliko wote.

Tangu hapo, akiulizwa asilolijua, husema "sijui" mapema, na huwauliza wenzake wao wanajua nini.

Basi, ndugu zangu, kutazama si kujua. Na anayejifanya anajua yote huwafunga midomo wenye kujua kidogo, na pengine kile kidogo ndicho kinachookoa.

Ngano yangu imefika ukingoni. Utamu wake gawaneni, uchachu wake niachieni mimi.