Mwelekezaji wa Nyumba ya Baba Lusungu

Wapendwa, kulikuwa na mtu mmoja, mkaguzi kwenye geti la mazao ya misitu. Si wa usharika wetu, kwa hiyo acheni kutafutana kwa macho. Nyumbani mkewe alimwita Baba Lusungu, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, nasi tumwite hivyo hivyo. Mnalijua geti la mazao ya misitu? Lori la mbao likifika linasimamishwa, dereva anateremka na makaratasi yake, na Baba Lusungu anauliza maswali yake yale yale: umetoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini. Alikuwa mkaguzi mzuri. Mkaa wa wizi haukupita mbele yake hata ukifichwa chini ya viazi, na rushwa hakula. Tena alimpenda sana mkewe. Hilo nalisema mapema, maana huko mbele mtataka kumkasirikia, na mimi nampenda mtu huyu.

Lakini wa kumfuata katika mfano wangu ni Mama Lusungu, mkewe. Mama mcheshi, sauti ya pili kwaya ya akina mama, yule ambaye mazoezi yakichosha ndiye anayewachekesha wenzake. Asubuhi moja akioga, mkono wake ukagusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Ndiyo, nimesema titi, na nimelisemea hapa hapa madhabahuni. Humu ndani tumekuja na miili yetu. Kilikuwa kidogo, kama punje ya njegere. Jioni akagusa tena, akitumaini kimeondoka, na kilikuwepo. Dada yake mkubwa walimzika kwa ugonjwa ulioanza namna hiyo hiyo.

Hakumwambia mtu. Naona akina baba mnajiuliza kwa nini. Akina mama hawajiulizi, wanajua. Aliona akilitamka litakuwa kweli. Aliona atawekewa kikao cha ukoo, shangazi wataitwa, na watu waanze kumwonea huruma wakati bado anaimba. Waswahili husema mficha uchi hazai, naye methali hiyo aliwahi kuwafundisha watoto wake mwenyewe, lakini methali ni nyepesi ikiwa ya mwenzio. Basi akaichukua simu akaanza kuiuliza simu, kwa sababu simu haikutazami usoni.

Akapata tovuti moja nzuri ya madaktari, kwa Kiswahili safi, yenye picha za kuonyesha mama ajipime vipi, dalili ipi ni ya kutisha na ipi si ya kutisha. Alisoma kidogo kidogo, huku akiangalia mlango. Alikuwa hajafika mwisho siku Baba Lusungu alipoamua kuisafisha nyumba yake.

Ilikuwa hivi. Kule getini mwenzake alimsimulia jinsi alivyomkuta mwanawe na picha chafu kwenye simu. Baba Lusungu akatoka jasho. Nyumbani kwake intaneti ilikuwa ya kuvuta, ile yenye kiboksi cha taa ukutani, kwa sababu wanakaa bondeni na mtandao wa simu pale ni wa kubahatisha. Kwa hiyo kila mtu mle ndani anapita kwenye kiboksi kile kimoja. Mkaguzi akaona, kumbe hata kwangu kuna barabara, na haina geti. Akamwita fundi, dada mmoja mwenye duka la simu karibu na stendi.

Fundi akawaeleza jambo ambalo na mimi nimelipenda, nanyi mlisikilize vizuri. Simu yako, alisema, haijui njia. Ukiandika jina la mahali unapotaka kwenda, kwanza simu inauliza, huyu anakaa wapi? Huko mbali kuna mtambo kazi yake ni kujibu, anakaa namba fulani. Ndipo simu inakwenda. Mafundi wanauita mtambo huo DNS, sisi tuuite mwelekezaji. Kampuni inayokuuzia intaneti inakuwekea mwelekezaji wake, na wengi wetu tunakufa hatujui kama yupo. Ila unaruhusiwa kuchagua mwingine. Wapo wenye mbio, wapo wanaojisifu kwamba hawamsimulii mtu ulichouliza, na wapo wa nyumba zenye watoto, ambao ukiwauliza njia ya kwenda pachafu wanakujibu hawapajui.

Baba Lusungu aliuliza maswali kama mtu anayenunua shamba. Huyu mwelekezaji ni wa nani? Nani anaamua kipi ni kichafu? Akikosea je? Fundi akamjibu kwamba hukosea, wakati mwingine hufunga na pazuri, akiona mwili wa mtu basi kwake ni uchafu tu, ila ukimtajia fundi jina la mahali atapafungua. Mzee akaridhika, akachagua yule mkali kuliko wote. Mama Lusungu alikuwepo, ndiye aliyewaletea chai. Alisikia yote, na hakuelewa kwamba yanamhusu.

Wakati wa chakula baba akatangaza sheria. Hakufoka, alisema kwa upole, tena kwa furaha. Kuanzia leo, anayekuta njia imefungwa aje kwake, amwambie alikuwa anakwenda wapi, na kama ni kwema atamfungulisha kwa fundi. Watoto wakaangaliana, wakaendelea kula ugali.

Kesho yake mama akaifungua simu amalizie kusoma. Hakuna. Mahali pale palikuwa palepale, hapajahama, madaktari wale bado wapo na picha zao. Ila mwelekezaji mpya akiulizwa, anasema hapajui. Mama akajaribu tena mchana, akajaribu tena kesho yake. Na ile punje, wapendwa, haikuwa inasubiri mtandao. Ilikuwa imeanza kuwa kubwa kuliko njegere.

Siku zikapita, hakuna aliyekuja kumwambia Baba Lusungu kwamba amekwama. Unafikiri alielewaje? Alielewa kwamba nyumba yake ni safi. Akawaambia wazee wenzake wa kanisa kwamba tangu abadilishe mwelekezaji nyumbani kwake kumetulia, na wazee wakaandika jina la duka la yule fundi. Jamani, tusimcheke. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuona watu wamenyamaza, tukadhani wamepona?

Jioni moja mama akajikaza. Mumewe alikuwa sebuleni anapiga viatu rangi, watoto wapo, televisheni inaongea peke yake. Akasimama karibu na mlango wa jikoni.

"Baba Lusungu, kuna ukurasa hautaki kufunguka."

Mzee akainua uso, na uso ule uling'aa. Huyu alikuwa mtu wake wa kwanza. Akaweka brashi chini, akajifuta mikono, na bila hata kujua, sauti yake ikawa ile ya getini.

"Haya. Ulikuwa unakwenda wapi?"

Watoto wakageuka wote. Mama alikuwa amekwisha kulipanga neno tangu asubuhi, lakini macho ya watoto pamoja na ya mumewe yalikuwa yakimtazama, na neno likarudi lilikotoka.

"Mapishi," akasema. "Mapishi tu."

Mumewe akacheka kwa upendo kabisa, akamwambia mapishi hayafungwi, lazima amekosea kuandika. Watoto wakacheka. Na yeye akacheka, tena zaidi ya wote, kisha akaenda jikoni akasimama mbele ya jiko ambalo halikuwa na sufuria juu yake. Naumia kulisimulia hilo. Mtu aliyempenda kuliko watu wote alikuwa hatua chache kutoka pale, na hakuna njia ya kumfikia.

Basi akaenda kwa yule fundi. Akamwambia simu yake ina matatizo, kuna mahali haifiki. Fundi akamtazama, hakumuuliza anakwenda wapi wala kwa nini. Alimwambia tu kwamba hata simu moja inaweza kupewa mwelekezaji wake yenyewe, ikaacha kumfuata yule wa nyumba, akambadilishia pale pale. Mama akashukuru, akaondoka anatazama chini kama mtu aliyeiba.

Alipofika nyumbani akaingia stoo, akakaa juu ya gunia la mahindi, akafungua. Ukurasa ukaja. Akasoma kwa pupa pale alipokuwa ameachia. Akasoma dalili, akasoma kwamba uvimbe mwingi si wa kufisha lakini wote ni wa kupimwa, akasoma kwamba kuchelewa ndiko kunakoua. Akashuka mpaka chini kabisa, kwenye yale maneno ya mwisho aliyoyatafuta siku zote hizo, akiamini huko ndiko kuliko na dawa. Na maneno ya mwisho yalikuwa haya: Usibaki na jambo hili peke yako. Mwambie mtu wa karibu yako, mwende pamoja hospitali.

Mama Lusungu akacheka peke yake stoo, akacheka mpaka machozi, na machozi hayo baadaye hayakuwa tena ya kucheka. Alikuwa amezunguka dunia nzima, akabadilisha na mwelekezaji, ili aje kuelekezwa sebuleni kwake.

Safari hii aliwapeleka watoto kwa jirani kwanza. Akakaa mbele ya mumewe akamwambia lote, la asubuhi ile ya kuoga, la dada yake, la njegere, la tovuti. Sasa msikilizeni mwanaume huyu ninayempenda. Alitaka kusema neno jema, na neno lililomtoka ni hili:

"Hayo umeyasoma wapi? Si nilipafunga?"

Mnaguna. Guneni, lakini mjue hakuwa na ubaya. Hofu ilimpata, na mtu akiogopa hukimbilia kazi anayoiweza. Mama Lusungu hakukasirika. Alimwangalia mumewe kwa huruma, akasema taratibu:

"Baba Lusungu, umetuuliza tunakwenda wapi. Hujawahi kutuuliza tunaumwa wapi."

Mtu aliyefanya uchunguzi wote ule kuchagua wa kuulizwa na simu za nyumba yake, hakuwahi kujiuliza hata mara moja kwa nini yeye haulizwi. Mzee yule akasogeza kiti chake karibu, akamshika mkono, akauliza, na sauti haikuwa ya getini.

"Ni upande gani, mama?"

Asubuhi aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote wawili. Uvimbe ule ulikuwa wa kutolewa, ukatolewa, na matibabu yakafuata marefu na ya kuchosha. Daktari aliwaambia wamewahi, ila lau wangezidi kukaa kama walivyokaa, yeye asingekuwa na la kuwaambia. Kwaya ya akina mama ilikaa msimu mzima bila mcheshi wake. Halafu akarudi, kichwani kitambaa, sauti ya pili ile ile.

Sasa sisi. Msitoke hapa mkasema mchungaji amesema kila kitu kifunguliwe. Kesho nikisikia hivyo tutagombana. Mwenye watoto na achague mwelekezaji mwema, hata mimi nyumbani kwangu nimechagua. Kuna vitu mtoto hapaswi kuvikuta, na mzazi anayelinda mlango anafanya kazi ya Mungu. Ubaya wa Baba Lusungu haukuwa geti. Alidhani akishaweka geti amemaliza kuwa baba.

Nitauliza, na kila mtu ajibu moyoni. Mtoto wako akipata jambo la aibu, wewe ni wa ngapi kuulizwa? Anaanza kwa simu, akitoka hapo kwa rafiki, akitoka hapo kwa dada wa saluni, na wewe unapata habari ukiwa umeitwa na mwalimu mkuu au na daktari. Mkeo je? Mumeo je, huyo unayemwona imara, anayeinuka alfajiri bila kulalamika? Tumekuwa wepesi sana wa kumhoji mtu wetu. Umechelewa wapi, simu yako mbona ilikuwa inatumika, sadaka ya jumuiya umepeleka? Maswali yote hayo yana haki yake, lakini hakuna hata moja ambalo mtu anaweza kulijibu kwa kusema ninaogopa.

Na yule tunayemwomba sisi kila siku, amewahi kutufukuza kwa sababu swali letu lina aibu? Tumemwendea na mambo ambayo tusingethubutu kuyaandika kwenye simu, naye akatusikiliza mpaka mwisho. Kama tumesikilizwa hivyo, tumepata wapi ubavu wa kuwasikiliza wetu nusu nusu?

Kwa hiyo leo sikutumi mbali. Huyo uliyekuja naye asubuhi hii, aliyekaa ubavuni pako na kitabu chake cha nyimbo, mmetembea naye njia nzima mkizungumzia matope. Mtakaporudi, muulize ana nini, na ukishauliza, nyamaza mpaka akujibu. Njia ni ndefu, mtafika amemaliza.