Viatu vya Kwanza vya Sefu

Sogeeni karibu, ila mtu asijisahau akasinzia, maana mwisho wa hadithi hii mimi nitanyamaza na nyinyi ndio mtakaosema.

Palikuwa na nyumba moja kwenye kota za kiwanda cha chai, juu milimani. Ndani yake waliishi watu wazima watatu na mtoto mmoja wa miezi kumi na moja, jina lake Sefu. Kila mtu mzima alikuwa na kipaji chake.

Zaituni, mama yake Sefu, alikuwa na pua. Msicheke. Kazi yake kiwandani ilikuwa kuonja chai. Anavuta funda kwa mluzi, analizungusha mdomoni, analitema, kisha anakwambia jani hili limechumwa upande gani wa mlima na mvua ilinyesha lini. Watu walisifu ulimi wake, lakini yeye alijua siri ni pua. Basi aliposhika mimba, pua ikaondoka. Chai ikawa maji ya moto tu. Akajifungua, likizo ikaisha, pua haikurudi, ikabidi akae nyumbani kwa ruhusa ndefu isiyo na mshahara. Mpaka mtoto alipofika miezi kumi na moja, asubuhi moja Zaituni akainama kumbadilisha nepi, na pua ikarudi yote kwa mkupuo. Alikaa sakafuni akalia kwa furaha, nepi mkononi. Meneja akampa siku saba za majaribio.

Hiza, mumewe, alikuwa na sikio. Yeye ni fundi wa mashine palepale kiwandani. Huegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye mashine, mpini akautia sikioni, akafumba macho, halafu akasema, "Beringi ya tatu itakufa Alhamisi." Na Alhamisi ikafa kweli.

Bibi Nuru, mama yake Hiza, alikuwa na mikono. Mikono ile ilichuma chai miaka thelathini, na ilipostaafu ikaanza kukanda watoto wachanga. Alikuja kumlea mjukuu, na kila asubuhi alimkanda Sefu kwa mafuta ya nazi aliyoyachemsha na mrehani.

Mafuta hayo ndiyo yaliyoleta maneno. "Mama, nakuomba," Zaituni alisema, "harufu ya mrehani inanifuata mpaka kazini. Nikinusa kikombe namnusa Sefu."

"Mwanangu, kikombe hakina mifupa ya kunyooshwa," Bibi Nuru alijibu, akaendelea kukanda.

Lakini ugomvi wenyewe haukuwa mafuta. Katika ukoo wa Hiza, mtoto akitimiza mwaka huvishwa viatu vyake vya kwanza na mtu mmoja tu. Aliyemvisha ndiye mwenye kauli juu ya miguu yake mpaka aanze shule: alale wapi, alelewe na nani. Na kauli ikishatoka haipingwi. Ila lazima avishwe kabla hajavuka kizingiti kwa miguu yake; akivuka pekupeku, kauli haina mwenyewe tena. Zaituni alitaka arudi kazini, na mtoto ashinde kwenye nyumba ya kulelea watoto ya kiwanda. Bibi Nuru alitaka kuondoka naye kwenda kijijini kwake, mwendo wa siku nzima kwa basi. Na Hiza alitaka mkewe aache kazi. Alilisema hilo kwa upole, na ndiyo maana lilimuuma zaidi Zaituni.

Uamuzi akaachiwa shangazi yake Hiza, Bi Mashavu, ambaye tayari alikuwa ameshashona viatu vya ngozi, vidogo kama maandazi.

Sasa sikilizeni. Siku ya nne ya majaribio, adhuhuri, Zaituni alitoka chumba cha kuonjea akikatiza uwanja wa kiwanda. Maziwa yalikuwa yamemjaa, anakwenda kumnyonyesha Sefu. Trekta lilikuwa limeshusha mzigo muda mfupi uliopita, na magunia ya majani mabichi yamerundikwa ukutani, zaidi ya mia, yamefungwa midomo.

Akasimama ghafla. Katikati ya harufu ile ya majani, alinusa mrehani. Mrehani na nazi. Na chini yake, jasho la shingo ya mwanawe.

Alijiambia ni nguo yake, akainusa nguo, siyo. Akayageukia magunia, harufu ikazidi.

"Mwanangu yumo humu!" alipiga kelele.

Wapakuzi wakaangaliana. "Dada, mtoto yupo nyumbani na bibi yake," mmoja akamwambia. "Nenda kapumzike, pua imekurudia na wazimu wake."

"Nimesema mwanangu yumo humu!" Akaanza kuvuta magunia kwa kucha. Hakujua gunia lipi. Harufu ilikuwa imejaa ukuta mzima.

Hiza akatoka mbio na bisibisi yake mkononi. Alimtazama mkewe mara moja tu, hakuuliza. Akarudi ndani akavuta swichi kubwa. Feni zikafa, mikanda ikafa, kiwanda kizima kikanyamaza. Meneja akachungulia dirishani akifoka, "Nani amezima?" Hiza akalala kifudifudi kwenye saruji, sikio chini ya rundo. Watu sitini walizuia pumzi.

"Kwikwi," alinong'ona. "Nasikia kwikwi." Akatambaa hatua nne. Akasikiliza tena. Uso wake ukabadilika. "Imekoma. Lile la chini, pembeni. Ondoeni yaliyo juu!"

Wakayarusha magunia. Hiza akafumua fundo la kamba kwa ncha ya bisibisi, na Sefu akatoka na majani, midomo imekuwa ya bluu, kichwa kinaning'inia. Hakulia. Hakupumua. Zaituni alimshika akashindwa hata kumwita jina. Aliwahi kufikiri anajua hofu. Hakuwa anaijua.

Papo hapo Bibi Nuru akaingia uwanjani, pekupeku, khanga imemdondoka njiani, amepanda mlima akikimbia nyuma ya trekta. "Nipeni!" Hakungoja kupewa. Akamlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja, mara tano. Akamgeuza, akamtazama kinywani, akamgeuza tena. Wapakuzi wazima walikuwa wanalia. Alipompiga mara nyingine, jani moja la chai, bichi, limejikunja, likaruka likaanguka kwenye saruji.

Sefu akavuta pumzi. Kisha akalia, na kilio kile kikasikika mpaka kota.

Siku ile hakuna aliyemlaumu mtu. Walitazamana tu, na kila mmoja alimgusa mtoto kila baada ya muda mfupi kuona kama bado yupo.

Ikafika siku ya kutimiza mwaka. Bi Mashavu akaja na viatu vyake ndani ya kitambaa cheupe, wakamketisha sebuleni. Mfukoni mwa Zaituni mlikuwa na barua ya meneja: pua iliyomnusa mtoto ndani ya magunia mia haihitaji kujaribiwa zaidi, aanze Jumatatu, na jibu linatakiwa leo.

"Semeni," Bi Mashavu akasema. "Nani anastahili kumvisha?"

"Mimi, Shangazi," Zaituni alisema. "Bila pua yangu, hakuna ambaye angejua kuwa mtoto yumo. Wangekuwa wanamtafuta kota mpaka leo."

"Ungejua, lakini ungechelewa," Hiza akasema taratibu. "Magunia yalikuwa zaidi ya mia. Sikio langu ndilo lililomtoa."

"Mlitoa maiti," Bibi Nuru alisema. "Samahanini, lakini ndivyo. Mikono hii ndiyo iliyoirudisha roho. Na tena, mkwe wangu, ulinusa nini? Ulinusa mafuta yangu, yale uliyoyakataa."

Hilo Zaituni hakuwa amelifikiria.

Bi Mashavu akatikisa kichwa. "Haya. Sasa niambieni na la pili. Aliingiaje guniani?"

Bibi Nuru akaanza kutokwa na machozi. "Mimi nilimlaza. Pale banda la mizani, majani yanapopimwa kabla trekta halijayabeba, kulikuwa na gunia lina majani nusu, laini, baridi. Sisi wachumaji ndivyo tulivyolaza watoto wetu. Hata huyu Hiza alilala humo. Nikaenda bombani kutawadha, nikaswali palepale kwenye nyasi. Wakati wetu trekta lilikuwa linakuja jioni tu. Naitoa salamu, nageuka, banda tupu."

Mpima mizani alikuwa ameshawasimulia mengine: mtoto alitambaa ndani akafunikwa na majani, gunia likafungwa bila kuchunguliwa, likapimwa. Lilizidi kawaida kwa kilo tisa, akampongeza mchumaji.

"Trekta lilikuwa bovu wiki mbili," Hiza akasema, akitazama miguu yake. "Mimi nililitengeneza asubuhi ile. Nililiharakisha, nikawaambia lianze safari za mchana. Sikumwambia mtu nyumbani."

Ikabaki zamu ya Zaituni. Alitamani isifike. "Na mimi ndiye niliyemwomba Mama amlete mtoto bandani, nusu ya njia," alisema. "Kutoka kiwandani hadi nyumbani ni mbali, nikajiona nachelewa kurudi kwenye vikombe. Nilisema amsogeze karibu na kazi yangu."

Nani angedhani? Watu watatu wamemwokoa mtoto, na watu walewale watatu wamemtia guniani. Bi Mashavu, mwanamke aliyekata kesi za ukoo tangu Hiza hajazaliwa, hakuwa ameiona kesi kama hii.

"Viatu ni viwili," alisema mwishowe, "na nyinyi ni watatu. Na anayevisha ni mmoja." Akavitoa kwenye kitambaa. Akaushika mkono wa Zaituni, akauachia. Akamtazama Hiza. Akamtazama Bibi Nuru.

Wakati huo wote hakuna aliyekuwa anamtazama Sefu.

"Mashavu," Bibi Nuru akasema kwa sauti ndogo sana. "Tazama."

Sefu alikuwa amesimama. Alikuwa ameshika mguu wa meza, akauachia. Akatupa hatua moja. Akayumba, Zaituni akaruka kutaka kumdaka, Hiza akamzuia. Akatupa ya pili, ya tatu, anacheka mwenyewe, anaelekea mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, na nje, kule chini, trekta lilikuwa linanguruma likipanda mlima.

"Haraka!" Zaituni akalia. "Shangazi, haraka! Akivuka kizingiti pekupeku..."

Ndiyo, hapo ndipo tulipo. Mtoto anatembea, hatua tatu tu zimebaki. Mtu mmoja ana barua mfukoni, mmoja amekwisha kufunga mizigo ya kwenda kijijini, mmoja anataka mkewe abaki nyumbani. Na Bi Mashavu amechoka kuwatazama wao. Amekugeukia wewe uliyekaa hapo mwisho, wewe hasa, na vile viatu amekunyooshea.

Pokea. Mtoto yuko kizingitini. Je, wewe ungeamua vipi?