Marahaba ya Mzee Saguti

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ile ya sungura kuwa kadhi na fisi kuwa shahidi, la, ni zamani ya juzijuzi ya simu za vibonye, alikuwapo mzee mmoja huko Mtae, juu kabisa katika milima ya Usambara, jina lake Saguti. Miaka thelathini alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, na kelele za msumeno zikamla masikio. Wanawe wakachanga, wakamnunulia mashine ya sikio, ile inayokaa nyuma ya sikio na kimrija chake kinaingia ndani. Akiivaa mkakaa uso kwa uso, mnazungumza vizuri, na utani anakutania.

Tabu ilikuwa simu. Akiibana simu sikioni, mashine inapiga mluzi, fiiiii, kama birika lililochemka. Basi akafanya nini? Akaivua mashine, akaitia mfukoni, akaiweka simu kwenye sikio tupu. Akasikia? Hakusikia hata chembe.

Lakini mzee alikuwa mjanja. Alijua salamu zetu zina mpangilio: kwanza shikamoo, kisha habari za nyumbani, kisha watoto. Akawa anahesabu moyoni na kujibu kwa zamu. "Marahaba." Ananyamaza kidogo. "Njema." Ananyamaza. "Wazima, alhamdulillahi. Haya, wasalimie." Anakata. Miaka mitatu alikwenda hivyo na hakuna mpigaji aliyemgundua! Nanyi mnaocheka hapo, hebu niambieni, mnapowapigia wazazi wenu simu, lini mmewauliza jambo nje ya hayo?

Sasa, mzee huyu alikuwa na binti wa mwisho, Zaina, fundi cherehani mjini Tanga. Akachumbiwa na kijana anayeitwa Athumani, na harusi ikapangwa hukohuko Tanga. Siku mbili kabla ya harusi mvua ikaangusha kilima, barabara ikafungwa. Mzee Saguti na mkewe wakabaki juu. Watu wakasema si neno, baba anaweza kumfanya shehe wakili wake kwa simu, akamwozeshea binti yake.

Shehe mwenyewe alikuwa Shehe Ngwali. Sauti yake haikujua kipaza sauti. Akitoa hotuba, wauza machungwa ng'ambo ya barabara walikuwa wanatubu bila kukusudia. Akasema, "Nitaozesha, kwa sharti moja. Baba nimuulize mwenyewe, anisikie mwenyewe, anijibu mwenyewe. Sitaki mtu wa kati."

Baada ya Adhuhuri wanaume wakakaa mikekani. Zaina yuko ndani nyuma ya pazia, hina mikononi. Shehe akapiga simu, akafungua spika.

"Asalaam aleikum, Mzee Saguti."

"Marahaba."

Watu wakatazamana.

"Mzee, nakuuliza mbele ya mashahidi. Umeridhia binti yako Zaina aolewe na Athumani?"

"Njema."

"Mzee wangu, umeridhia au hukuridhia?"

"Wazima, alhamdulillahi. Haya, wasalimie."

Simu ikakatika.

Wako waliocheka. Upande wa bwana harusi hawakucheka. Shangazi yake Athumani akasema, tena hakunong'ona, "Huyo mzee hataki. Anatufanyia mzaha." Zaina akayasikia nyuma ya pazia, wanja ukamchuruzika. Kila wiki alimpigia baba yake kumweleza habari za Athumani, na kila wiki baba alijibu njema, wazima. Sasa akajiuliza, na swali lenyewe likamuuma: hivi baba aliwahi kunisikia?

Shehe akapiga tena. Safari hii akapokea Bi Mwantumu, mke wa mzee.

"Shehe, nisitiri," akasema. "Mume wangu hasikii simu. Siku nyingi hasikii. Nilijua, nikanyamaza kwa kumstahi."

Uani kule Mtae kulikuwa na sherehe ndogo, wanawake wanapika, wanaume wamekaa barazani. Kati ya wapishi alikuwamo Mwanamvua, binti wa jirani, muuza maandazi. Aliposikia maneno yale akaweka upawa chini. Akasimama mbele ya watu wote, akavuta mtandio wake pembeni, akaonyesha nyuma ya sikio lake. Palikuwa na mashine! Aliivaa tangu darasa la nne, na mama yake alimuusia aifiche asije akakosa mume. Kijiji kizima hakikujua. Wanawake wakashika midomo, na msichana yule, mtoto wa watu, hakurudisha mtandio.

"Babu Saguti," akasema, "mimi nazungumza na simu kila siku. Vaa mashine yako nikuonyeshe."

Mzee akaivaa. Kimya. Betri imekwisha. Akatoa pakiti yake ya akiba, betri tano, na zote amezibandua vibandiko siku ileile alipozipata, ati ziwe tayari. Kumbe betri zile hulala mpaka kibandiko kitoke, na kikishatoka zinaanza kuisha hata usipozitumia. Aliziamsha zote pamoja, nazo zikafa zikimngoja. Nyingine ziko Tanga, na barabara imefungwa.

Bi Mwantumu akafungua fundo la pindo la kanga yake. Ndani mkatoka betri moja, kibandiko chake hakijaguswa. Aliichomoa kwenye pakiti siku ya kwanza, maana aliijua haraka ya mumewe. Na ni mama huyohuyo aliyekuwa kila magharibi anaifuta ile mashine na kuilaza katika kopo la mchele mkavu, kwa kuwa ukungu wa Mtae hautambui mashine wala kijiko, unakula vyote.

Mwanamvua akaitia betri. Akachukua simu, hakuibana sikioni. Akaisogeza juu kidogo, nyuma, karibu na kitundu cha mashine kinachoingiza sauti, akaacha nafasi ya kidole. Mluzi haukulia.

Kule Tanga, waliokuwa bado wakingoja kwenye simu, wakajua mzee amesogezewa, wote wakapiga kelele kwa pamoja, "Mzeeee! Unasikiaaa?" Mashine ikakwaruza, mzee akakunja uso. Mwanamvua akaisogeza simu kwake.

"Shehe, shikamoo. Niwie radhi. Usipaze sauti, ukipaza maneno yanapasuka. Sema polepole, kwa sauti ya chini. Na asipolishika neno, usilirudie hilohilo, mbadilishie."

Mikekani pakazuka minong'ono. Muuza maandazi anamfundisha shehe kusema! Ami yake Zaina akasogea. "Shehe, mimi ni ndugu wa baba yake, baba mdogo wa bibi harusi. Nitasimama mimi. Tumalize, pilau linapoa."

Shehe Ngwali akamtazama. "Mwenye binti yu hai na ana akili zake. Nimzike kwa sababu ya pilau?"

Akaamuru mapangaboi yazimwe, watoto watolewe, vijiko vitulie. Akafumba macho. Yule mtu wa sauti ya radi akaishusha sauti yake mpaka waliokaa nyuma wakanyoosha shingo. Akauliza. Mzee hakushika. Akageuza maneno, akauliza tena. Hakushika. Jasho likamtiririka shehe, joto la Tanga mnalijua, na hakukasirika. Mara ya tatu, mara ya nne, mara ya tano. Mara ya saba akasema, "Zaina. Binti yako. Athumani anamtaka. Wewe unasemaje?"

Ikaja sauti ya Mzee Saguti, nayo haikuwa imehesabiwa.

"Nimesikia. Shehe, nimesikia! Nimeridhia. Nakufanya wakili wangu umwozeshe Zaina kwa Athumani, kwa mahari waliyokubaliana. Na huyo binti yangu yuko wapi? Nipeni."

Simu ikapitishwa nyuma ya pazia. Zaina akajua namna ya kusema, alikuwa amemsikiliza shehe.

"Baba. Shikamoo."

Mzee hakuharakisha kujibu. Aliiacha ile shikamoo iingie yote.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akalia mbele ya watu kama mtoto. Mimi nasema ndiyo marahaba ya kwanza aliyoitoa kwenye simu. Zile nyingine zilikuwa za kubahatisha.

Hapo ndipo alipoapa. "Aliyeifikisha sauti hii kwangu, ndiye atakayempa jina mjukuu wangu wa Zaina. Sitalichagua mimi wala baba yake." Athumani akakubali.

Mwaka haukuisha, Zaina akajifungua mtoto wa kike. Siku ya saba wakampeleka Mtae, barabara ilikuwa imefunguka. Mbuzi wa akika akachinjwa. Na watu watatu wakaja mbele ya mzee.

Bi Mwantumu akasema, "Mashine bila betri ni kipande cha plastiki. Nani aliiweka hai ile mashine? Nani alilaza betri kwenye pindo? Mtoto aitwe jina la mama yangu."

Shehe Ngwali akacheka. "Mke wangu ananiambia tangu siku ile nimejifunza kuzungumza naye. Lakini kweli isemwe, Bi Mwantumu, wewe ulinyamaza miaka mitatu. Mimi ningeozesha kwa ami nikala pilau la moto. Niliuliza mara saba, mbele ya watu wanaoniheshimu, nikifundishwa na mtoto wa kumzaa. Jina ninalo, ni Rahma."

"Nilinyamaza kwa kumlinda," akasema Bi Mwantumu.

"Najua, mama. Ndiyo maana nakustahi."

Mwanamvua alikuwa amesimama mlangoni. Mtandio wake ulikuwa shingoni, mashine inaonekana, na tangu siku ile watoto wawili wa kijiji nao wameacha kuficha zao. Akasema, "Betri ilikuwapo na shehe alikuwapo. Lakini miaka mitatu babu alikuwa anaivua mashine ili ashike simu. Mimi nilitoa siri yangu ili ajue. Wachumba wawili hawakurudi tena kwetu, na sijuti. Jina ninalo, ila sitalitaja mpaka niambiwe ni haki yangu."

Mzee Saguti akampakata mjukuu wake. Mashine ilikuwa sikioni, betri mpya, na alisikia kila neno la kila mmoja. Nawaambieni, siku hiyo alitamani kuivua. Akamtazama mkewe. Akamtazama shehe. Akamtazama Mwanamvua. Nyama imeiva, watu wanangoja, na mtoto hana jina.

Basi ninyi mliokaa kunisikiliza, na masikio yenu hayana kasoro, msinijibu njema wala wazima. Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?