Yah: Shauri la Bakuli Moja la Rameni, Meza Na. 14, Ghorofa ya Pili

Hapo zamani za Jumamosi iliyopita palikuwa na mwanamke mjamzito, mama yake, na mume wake. Mume ni mimi, kwa hiyo msitarajie shujaa.

Mke wangu Zubeda alikuwa mwezi wa tatu, na kila alichokula kilirudi. Uji ulirudi. Ndizi zilirudi. Hata maji yalirudi. Daktari akasema: chochote atakachotamani, apewe. Jumamosi hiyo, hatimaye, akatamani. Akatamani rameni, zile tambi za Kijapani za ukumbi wa chakula kule kwenye jengo la maduka, ambako mifupa ya kuku huchemshwa tangu alfajiri mpaka mchuzi unanata midomoni.

Nikapanga foleni. Dada wa kaunta akanipa bakuli, akafunika sufuria.

"Kaka, una bahati. La mwisho hilo."

Nikaliweka mbele ya Zubeda, linafuka mvuke. Akashika kijiko, akatabasamu. Hapo hapo akapita mama mkwe, Bi Mwasiti, na mifuko yake ya manunuzi.

"Shikamoo, mama! Karibu!"

Ndugu wasikilizaji, "karibu" ya mezani ni barua yenye jibu moja tu linaloruhusiwa: "Ahsante, endeleeni." Mama akavuta kiti.

"Nimekaribia, Nassoro mwanangu. Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni."

Zubeda akaweka kijiko chini. "Kula, mama. Mimi sina haraka." Macho yake yalikuwa na haraka.

Bakuli likahamia kwa mama. "Ala! Nile mimi, mwenye mimba anatazama? Kula wewe, mwanangu, ndiye uliyesimama foleni."

Bakuli likahamia kwangu. Nimesoma kitabu kizima kuhusu Wajapani. Kwao, kuvuta tambi kwa kelele ni adabu. Kwetu, mbele ya mama mkwe, ni talaka. "Mimi nimeshiba, mama," nikasema. Tumbo langu likanguruma, likanikanusha mbele ya meza nzima.

Bakuli likahamia kwa Zubeda. "Mama kwanza." Likahamia kwa mama. "Mjamzito kwanza." Likahamia kwangu. "Wakubwa kwanza." Likazunguka kama faili ambalo hakuna ofisa anayetaka kulisaini. Tambi zikanywa mchuzi, zikavimba. Mafuta yakaganda juu.

Lilipomfikia tena, Zubeda akanusa, akaziba mdomo kwa mtandio.

"Liondoeni. Sitaki tena."

Tukaanza kugawana lawama, na hapo hakuna aliyesema ameshiba.

"Mimi nilikaribishwa," akasema mama. "Kama hukutaka nile, si ungenisalimia ukaishia hapo?"

"Nimwone mama mkwe nisimkaribishe? Si ukoo mzima ungepata habari kabla ya magharibi?"

"Na mimi nimnyime mama yangu mzazi?" akasema Zubeda.

"Ungesema tu unalitaka!"

"Mama, nani hapa hakujua kwamba nalitaka?"

Akanyanyuka, akarudi nyumbani na njaa yake.

Haya, amueni nyinyi. Je, nani aliyeifukuza hamu ya Zubeda: aliyekaribisha kwa mdomo tu, aliyeitikia kwa tumbo, au aliyesema hana haraka?

Na wakati mnabishana, iingizwe kwenye kumbukumbu: bakuli nililimaliza mimi, limeshapoa.