Mgeni Aliyeomba Cheti cha Ugeni

Hapo zamani za mababu wa mababu zetu, palikuwa na mji uitwao Mwambare, na watu wake walikuwa wema, isipokuwa walikuwa na ila moja: hakuna aliyekubali kwamba kuna jambo asiloliweza. Ukimwuliza mtu wa Mwambare kama anajua kumnyoa simba, naye atakuuliza ni kwa wembe gani.

Basi Sultani Hatimu alikuwa ameweka sheria kwamba mgeni hafanyi kazi mjini bila ya cheti, na cheti hapewi ila kwa kazi isiyowezwa na mwenyeji yeyote. Kila Ijumaa baada ya sala, mpiga mbiu husimama barazani akaitaja kazi ya mgeni, kisha huuliza ni nani aiwezaye. Akaja mhunzi, mikono yote ikainuka, akaja mganga wa mifupa, ikainuka tena, wote wakafukuzwa. Ikawa mapaa yanavuja, na kisima kikubwa kilipobomoka, mpwa wa waziri, aliyeinua mkono kupita wote, alichimba siku moja akatoka na malengelenge na maneno mengi. Tangu hapo mji mzima ukanywa maji ya chumvi, na kila mtu akasema ni matamu.

Siku hizo alikuwapo mgeni fukara aitwaye Shekuwe, mchimba visima, mtu wa maneno machache ya maana na mengi ya upuuzi. Alikuwa amekwisha kufukuzwa katika miji miwili pamoja na mkewe Mwanakheri, ambaye sasa alikuwa na mimba ya miezi minane. Mgeni alipewa siku thelathini tu, na Ijumaa moja ikafika iliyokuwa siku yao ya mwisho. Jua likitua bila ya cheti, wangetolewa nje ya lango. Mwanakheri akamwambia, "Mume wangu, mimi sizai njiani. Nenda kaseme lolote, lakini urudi na cheti." Shekuwe akaingiwa na hofu, kwani alimpenda mkewe, na alijua kwamba akitaja visima tu, mikono itainuka.

Akaenda barazani, na mpiga mbiu akamwuliza kazi yake.

"Kazi yangu ni ugeni," akajibu.

Watu wakacheka, lakini sheria ni sheria. Mpiga mbiu akapaza sauti kuuliza nani miongoni mwao aiwezaye kazi ya ugeni. Mazoea yana taabu, jamani. Mikono yote ikainuka, na wa waziri ulikuwa wa kwanza.

Hapo Shekuwe akapiga magoti, akasema, "Mola akuweke, Sultani wangu. Kazi hii haiwezwi ila na mgeni, na hawa wote wamekiri mbele yako kwamba wanaiweza. Nami sheria yako naijua, nimelala nayo siku thelathini: mgeni asiye na cheti hutolewa langoni jua likitua. Naomba walinzi waanze na waziri, maana ndiye mwenye mizigo mingi."

Mkono mmoja ukashuka, na mwingine, na wa waziri ukajificha ndani ya joho. Mpiga mbiu akauliza mara ya pili, na hakuna aliyethubutu hata kujikuna sikio.

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea, akaamuru cheti kiandikwe. Kisha akamwuliza kwa upole kama ugeni humlisha mtu.

"Haulishi, bwana wangu. Ndiyo maana huchimba na visima."

Mpiga mbiu akafungua kinywa kwa mazoea, Sultani akamzuia. Akaagiza kwamba tangu siku hiyo anayesema anaweza aje na jembe lake, kazi ijibiwe kwa kazi. Kesho yake kisimani akaja Shekuwe peke yake.

Siku ya tisa maji yakatoka. Sultani akanywa kwa kata, akachota tena, kisha akasema kwa haya, "Kumbe tulikuwa tukinywa chumvi."

Mwanakheri akajifungua mtoto wa kike, naye mtoto akaoshwa kwa maji hayo. Na huyo alikuwa mwenyeji kamili wa Mwambare, hakuna wa kumtoa langoni: siku ya arobaini bibi mmoja jirani alipomtania kwa kumwuliza kama anaweza kupika pilau, mtoto akainua mkono.